Kibodi Iliyosafishwa Mno

Ilianza kulia kabla haijachomekwa. Kidogo tu, kak, kak, kama mdudu anayetafuna ubao. Fundi Waya akacheka, akamwambia mkewe kitu cha zamani lazima kijinyooshe viungo. Ningekuwa mimi ningeshatoka mbio, na mimi nasifika kwa ushujaa mitaa yote. Lakini fundi ni fundi, mbishi kama mbuzi mlangoni.

Aliiokota kwenye takataka za ofisi iliyofungwa, nzito kama tofali, plagi yake ya duara ya enzi za mababu. Mkewe ni mchapaji, na kibodi bapa za siku hizi zilimuumiza vidole. Basi mume, kwa mapenzi, akatafuta adapta ili kikongwe kile kiingie kwenye kompyuta mpya. Kwanza akaisafisha kama mafundi wasafishavyo: akang'oa vitufe, akakwangua, akapitisha spiriti. Chini ya kitufe kile kirefu cha nafasi alikuta kucha za mtu, zimefungwa kwa uzi mweusi. Akazichoma pamoja na uchafu mwingine.

Mke alichapa akafurahi. Halafu vidole vikakataa kuacha. Akiketi kula, vinagonga sahani. Akimbeba mtoto wao mdogo, vinagonga mgongo wake. Na chumba, mchana kweupe, kikanuka kucha zinazoungua, harufu inayoingia kwenye maji ya kunywa, kwenye nguo zilizotoka kufuliwa, mpaka kwenye utosi wa mtoto, huku mama wa watu akilia na mikono ikiendelea, ncha za vidole zimechubuka, damu inachapa mezani, na mume akiifunga mikono hiyo kwa shuka, na shuka likigonga.

Mganga aliyeitwa alikuwa mama mnene asiyependa maneno mengi.

“Mwanangu, ulitoa nini mle ndani?”

“Uchafu tu, mama.”

“Uchafu gani?”

Akamweleza. Mganga akafunga mkoba wake taratibu.

“Ule ulikuwa kifungo cha aliyefungwa mle. Umekichoma, sasa hana pa kurudi. Anataka mikono. Hajali ya nani.”

Fundi alipiga magoti, akalaza viganja vyake juu ya vya mkewe.

“Usifanye, baba,” mke alinong'ona. “Utalehemu kwa mikono gani?”

“Nyamaza. Wateja wenyewe wanasema naunguza tu.”

Mikono ya mke ikaanguka mapajani, mizito, imetulia. Akalala palepale. Mganga akaiponda kibodi kwa nyundo, akaifukia.

Siku hizi mke ndiye anayemlisha mumewe, kijiko baada ya kijiko, kwa kuwa vidole vya fundi haviachi kugonga meza. Humlisha akiwa amefumba macho. Mchapaji aliyebobea huzijua herufi kwa mwendo wa vidole, na kinachoandikwa pale mezani, kila mlo, ni jina la mtoto wao.