Ndoo ya Kinyozi

Kuhusu mapenzi, hakuna wa kunifundisha kitu mimi. Nimeachwa na wanaume watatu, na kila mmoja aliondoka nikiwa bado namweleza mapenzi yanavyokwenda. Kwa hiyo nisikilizeni vizuri, ila ushauri wangu msiufuate.

Mshonaji mmoja na kinyozi walikutana kwa muuza vyombo vya plastiki, mwisho wa mwezi, watu wamebanana kama njiti kwenye kiberiti. Ilibaki ndoo moja kubwa yenye mfuniko. Mshonaji kashika mshikio, kinyozi kashika mfuniko. Mshonaji aliitaka ya kulowekea vitambaa. Kinyozi, kijana wa shati lililopigwa pasi hadi linakata, alisema anataka kuanza kupika bia nyumbani.

"Kunyoa kumekushinda?"

"Kunyoa hakujanishinda, dada. Jioni ndizo zimenishinda. Ndefu, na niko peke yangu."

Mshonaji akaachia mshikio. Wenzake hutongozwa kwa pete. Yeye alitongozwa kwa kunyang'anywa ndoo.

Miezi ikaenda. Kinyozi akajifunza kuchemsha kimea, kuchuja, kupoza, kutia hamira, kisha kufunika ndoo na kuiacha itulie. Mshonaji akapewa ufunguo wa nyumba, ndoano ya kutundikia magauni, na jina la laazizi. Mambo yalikuwa matamu, mpaka kinyozi alipokaribishwa na wapika bia wenzake wa mtaani, waliokutana kila Jumamosi alasiri uani kwa mwalimu mmoja mstaafu. Huko ndiko alikokuwa mpimaji wa viwanja, mwanamke mrefu, buti hadi magotini, kicheko cha kufungua madirisha. Na bia yake ilikuwa inawashinda wote.

Basi kila habari ya kinyozi ikaanzia kwa mpimaji. Mpimaji kasema vyombo vioshwe mara mbili. Mpimaji kanigawia hamira yake. Siku moja wako mezani, simu ikalia.

"Nani huyo?" mshonaji akauliza.

"Mpimaji. Anauliza kama povu limeshuka."

"Mwambie la kwenye ndoo silijui. La kwangu limepanda."

Kinyozi akacheka. Hapo ndipo alipokosea. Kesho yake, yeye yuko kazini ananyoa vichwa vya watu, mshonaji akaingia jikoni kwake, akafunua ndoo, akatia vijiko viwili vya mtindi, akafunika. Hakuwa na nia ya kumuumiza mtu. Alitaka tu bia iharibike, kikundi kimcheke, mwanamume wake amrudie na Jumamosi zake zote.

Baada ya siku kadhaa kinyozi akampigia simu, sauti iko chini. Bia imekuwa kali, haieleweki, nayo ndiyo ya kupeleka kwa wenzake.

"Mpenzi, hukuigusa ndoo yangu?"

"Mimi? Hata jikoni kwako sijaingia."

Jumamosi mshonaji akasema naye atakwenda. Alivaa gauni la kijani alilolishona mwenyewe, limemkaa kama limemwagwa juu yake, na mdomo akaupaka rangi nyekundu. Alitaka kuona aibu ikitendeka, na mpimaji aone gauni.

Pale uani walikuwa na desturi yao. Wote wanaonja kimya, kisha mpishi anataja kila alichotia, ili wengine nao waipike. Anayeficha haalikwi tena.

Wakaonja. Mwalimu mstaafu akafumba macho. Mpimaji akamaliza glasi, akajimiminia nyingine.

"Ina ukali, halafu ina ulaini," akasema. "Sijawahi kuinywa hii. Umetia nini?"

Kinyozi hakujua. Akakohoa kama mtu mwenye siri.

"Ndimu," akasema. "Tatu. Ni utaalamu wa marehemu bibi yangu."

Bibi huyo, Mungu amrehemu, hata chai alikuwa anaiunguza.

Mpimaji akamwekea mkono begani. Kusema haki, mkono ule ulimgusa kila mtu, hata mwalimu mstaafu, aliyekuwa akiusubiri wiki nzima. Lakini wivu hauangalii mabega ya wengine. Mpimaji akamwambia aje kwake Jumamosi ijayo na ndimu zake, waipike wawili.

"Mtapoteza kimea bure," mshonaji akasema. "Hiyo si ndimu. Ni mtindi. Vijiko viwili."

Kinyozi akageuka polepole, masikio yanawaka, maana uongo wa ndimu za marehemu ulikuwa umeshaanguka mbele za watu.

"Umejuaje, mpenzi?"

"Nimeonja. Ulimi wangu hauongopi."

Wote wakaitazama glasi yake. Ilikuwa imejaa hadi ukingoni, na rangi nyekundu yote bado iko mdomoni kwake.

Kinyozi akahamisha kiti kutoka kwa mpimaji hadi magoti yake yakagusa gauni la kijani. Akamsogezea glasi.

"Basi onja sasa," akasema, "halafu uniambie vilikuwa vijiko vya chai au vya mezani. Tukiipika tena mimi na wewe, nisikosee."