Kidani Kisicho na Kifungo

Ilikuwa inakaribia saa kumi na mbili jioni nilipobisha hodi kwenye nyumba niliyoitiwa kwa simu kuchukua kopo la vikorokoro.

Kazi yangu ilikuwa mapambo ya zamani. Mikufu iliyokatika, hereni zilizobaki moja moja, pete zilizowashinda wenyewe baada ya kunenepa. Niliyafumua yote mezani kwangu, kando ya dirisha, nikatengeneza vitu vipya kwa mkono. Kazi hiyo ndiyo iliyotulisha mimi na mdogo wangu wa kike tangu mama yetu atutoke, binti huyo akiwa darasa la tatu. Sasa alikuwa mchumba wa mtu. Harusi ilikuwa imebakiza wiki mbili, na nilitaka avae kitu nilichokitengeneza mimi.

Mwanamke aliyenipigia simu alikuwa anaondoa vitu vya mama yake, marehemu. Alifungua mlango nusu.

"Karibu. Usivue viatu, hukai."

Chumba cha ndani kilikuwa kimebaki kitanda tu. Hakuinama. Aliingiza mpini wa fagio chini ya kitanda, akasukuma kopo la biskuti mpaka likagonga kiatu changu.

"Mbona hulishiki?" nikauliza.

"Nina sabuni mikononi."

Mikono yake ilikuwa mikavu.

Nilipoinua kifuniko, harufu ya karafuu maiti, ile wanayopakwa wafu, ilinipanda puani. Ndani mlikuwa na vikorokoro vingi vimefungana kama mizizi.

"Vilikuwa vya mama?"

"Vilikuwa kwa mama," akanisahihisha. "Kuvibeba kunatosha. Sitaki kitu."

Mtu wa kazi yangu akipewa bure haulizi mara mbili. Nilishukuru, nikaondoka. Nyuma yangu nikasikia komeo. Kisha komeo la pili.

Asubuhi nilimwaga kopo mezani. Vingi vilikuwa bati lililopakwa rangi. Lakini chini kabisa kulikuwa na kidani cha fedha halisi, kizito, chenye shanga za marijani nyekundu kama ulimi wa mtoto. Nilikigeuza kutafuta kifungo.

Hakikuwa na kifungo.

Pingili mbili zilikuwa zimeunganishwa kwa lehemu iliyoyeyushwa. Kazi mbaya, ya mtu asiye sonara, au ya mtu aliyekuwa na haraka. Lehemu yenyewe haikuwa na mkwaruzo. Hakijawahi kufunguliwa. Nikajaribu kukipitisha kichwani. Kikagota juu ya nyusi.

Nilikaa nacho mkononi. Kama kilifungwa kikiwa shingoni mwa mtu, na hakijakatwa... kilitokaje?

Mtu hujijibu anavyotaka. Nikasema labda kilikuwa cha mtoto. Nikachukua mkasi wa kukatia bati, nikakikata.

Pumzi ikatoka.

Sijui niseme vipi. Si upepo, maana pazia halikutikisika. Ilikuwa pumzi ya mtu aliyeibana siku nyingi. Ilinipita shavuni, ina joto, inanuka karafuu maiti.

Nilifungua madirisha. Nikaendelea na kazi. Huo ndio ukweli, na siutafutii sababu. Nilikuwa na wiki mbili tu.

Marijani mbili nzuri kuliko zote nilimfanyia mdogo wangu hereni. Kipande cha fedha nilikigonga kikawa bangili ya Mama Pacha, jirani yetu, aliyeniomba kitambo. Vilivyobaki nikavitia kwenye droo.

Mdogo wangu alizivaa jioni ileile. Akajitazama kwenye kioo, akanikumbatia.

"Dada, utaniliza bure."

Kwa siku mbili hakutaka kuzivua. Siku ya tatu nilimkuta amekaa kitandani, mgongo umenyooka kama ubao, kichwa amekiinamisha upande. Anasikiliza.

"Nini?"

"Shhh." Akatabasamu kidogo. "Anaimba."

"Nani?"

Akanigeukia. Macho yake yalikuwa shingoni kwangu, hayakupanda usoni.

"Hana pa kukaa, dada. Anatafuta shingo."

Nilimwambia asinichezee akili. Alicheka, tukala, tukalala. Mimi sikupata usingizi.

Kesho yake mchana Mama Pacha aliingia bila kubisha. Ni mwanamke wa maneno mengi, mtu wa kuanza salamu akiwa barabarani. Siku ile hakusalimu. Aliweka bangili mezani na kurudi nyuma hatua mbili.

"Shoga, chukua kitu chako."

"Imekubana?"

"Nilijilaza na watoto baada ya chakula. Nikapitiwa. Nilipoamka..." Akautazama mkono wake. "Niliukuta mkono wangu shingoni kwa Kulwa."

"Mungu wangu. Ulimkaba?"

"Haukumkaba," akanong'ona. "Ulikuwa unapima. Vidole vinazunguka taratibu, kama fundi wa nguo. Ukamaliza, ukahamia kwa Doto. Na mimi niko macho, nauona, siwezi kuuzuia."

Aliondoka akiwa ameushika mkono ule kwa mkono mwingine, kama mtu anayemshika mwizi.

Nilikimbilia chumbani. Mdogo wangu alikuwa amekaa vilevile.

"Vua hizo hereni."

"Hazitoki."

Nikasogea. Nilizitengeneza mwenyewe, vikulabu nilivikunja mwenyewe. Sasa vikulabu havikuonekana. Nyama ya sikio ilikuwa imeviziba, laini, bila kidonda, kana kwamba marijani ziliota pale. Nikavuta kidogo. Akalia kwa sauti yake, sauti ya utotoni ya kuniita dada. Nikaacha.

Nikarudi kwenye nyumba ya kopo. Yule mwanamke alikuwa anapakia virago kwenye gari dogo. Aliponiona, mabega yalimshuka.

"Umekikata," akasema.

"Ni nini kile?"

"Sijui. Mama naye aliachiwa na bibi mmoja mgonjwa aliyekuwa anamuuguza. Hakukivaa hata siku moja. Alikuwa anakilinda tu kisikatwe." Akatazama barabarani. "Aliniambia kulikuwa na mwanamke, na ndugu wa mumewe, na moto. Walimfunga, halafu... Hapo alikuwa ananyamaza. Miaka yote, hapohapo."

"Ungeniambia."

"Ungekichukua?"

Nikausogelea mlango wa gari.

"Kifunge tena," akasema akiingia kwenye gari. "Lakini mama alisema hakifungwi kikiwa kitupu."

Nilifika nyumbani jua likizama. Nilitoa vipande kwenye droo. Bangili ya Mama Pacha niliinyoosha kwa nyundo, nikaikata pingili upya. Kazi ninaijua. Nikaunganisha moja baada ya nyingine. Zikabaki nafasi mbili za marijani.

Nilipoinua kichwa, mdogo wangu alikuwa amesimama mlangoni.

"Nipe," nikamwambia. Na nilijua kwamba siongei naye.

"Nipe shingo," akajibu. Sauti ilikuwa nzito, ya mtu mzima, imekwaruzika kama iliyovuta moshi mwingi. Midomo ya mdogo wangu haikuendana nayo.

"Shingo ipi?"

Mkono wa mdogo wangu ukapanda taratibu kwenye koo lake. Vidole vikazunguka.

"Hii nimeshaizoea."

Nilimlea mtoto yule. Nilimsuka, nilimpiga, nilimdanganya kwamba nimeshiba ili ale yeye. Hapakuwa na cha kufikiria.

"Chukua yangu."

Vidole vikalegea kwenye koo lake.

Kisha tik. Tik. Marijani zikaanguka sakafuni, moja, halafu ya pili. Masikio yake yalikuwa mazima.

Niliziweka mahali pake. Nikakizungusha kidani shingoni, nikaketi kwenye kiti changu cha kazi. Ncha mbili zilikutana nyuma, nisipoweza kufika. Mdogo wangu akachukua kichomeo changu cha kuyeyushia lehemu. Hajawahi kukishika maishani. Anaogopa hata kiberiti. Alikiwasha kwa mkono uliotulia, akaweka lehemu, akasogeza moto nyuma ya shingo yangu.

Nilifumba macho kusubiri kuungua.

Moto ulikuwa baridi.

Nilisikia fedha ikiyeyuka, ikaganda. Nikasikia kichomeo kikianguka, na mdogo wangu akaanguka nacho. Nilimwagia maji. Alipozinduka aliuliza kwa nini tumekaa gizani, na kama kuna chakula.

Harusi ilifanyika. Alipendeza. Masikioni alivaa vitu vya dukani. Hakumbuki lolote, nami sijamweleza. Mama Pacha anakumbuka. Siku hizi akiniona anavuka barabara, na watoto amewashika mikono. Mume wa Mama Pacha alishauri nitafute sonara akikate. Nilimjibu nitamtafuta, na sitamtafuta. Sonara naye ana shingo, ana watoto nyumbani.

Ninavaa mtandio. Kazi nimeacha. Watu wakiniletea vya bibi zao, ninawarudishia mlangoni.

Sikudhurika, nikiwa mkweli. Hakinibani. Wakati mwingine ninaamka na kukuta vyombo vimeoshwa na nguo zimekunjwa kwa namna nisiyoijua mimi, pembe kwa pembe, na mdomoni nina wimbo wa kubembeleza mtoto katika lugha nisiyoielewa.

Jumapili iliyopita mdogo wangu alikuja. Alibisha, akabisha tena.

"Dada, fungua. Nina habari. Daktari amesema nina mimba, mwezi wa tatu huu."

Nilisimama nyuma ya mlango, paji la uso limegusa ubao. Nilitaka kumwambia aende, asije tena mpaka atakapojifungua, na hata baadaye asije. Nikafungua mdomo niseme.

"Ingia, mwanangu," mdomo ukasema, kwa upole mkubwa.

Sijawahi kumwita mwanangu.

Nje, mdogo wangu akacheka. "Mwanangu, tangu lini?"

Na mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye komeo.