Mti wa Mwisho Kuiva

Nyumbani kwa Zie Traore, pembezoni mwa mji wa Sikasso, embe haliliwi ovyo. Uani kuna miembe mitatu, na kila mmoja una zamu yake. Ameli huanza kuiva wakati wa jua kali, mvua ikiwa bado mbali. Kenti hufuata mvua za kwanza zikianza. Wa mwisho ni Bruksi. Huo huiva Agosti, wakati watu wengine wameshasahau embe lina ladha gani.

Embe la kwanza la kila mti huonjwa na Mama Nyagale, mama yake Zie. Bibi huyo hukaa kwenye kigoda chake. Wajukuu humzunguka wakimeza mate. Yeye hutafuna polepole, wala hamjali mtu. Akishameza ndipo hutoa hukumu.

"Ameli ni embe la mwenye njaa," alisema mwaka huo. "Lina maji mengi na lina haraka. Utamu unapiga hodi, kabla hujaukaribisha umeshaondoka."

Zamu ya Kenti ilipofika, bibi alilamba vidole. "Hili halina nyuzi. Nyama tupu! Hata mimi mwenye meno machache nalimudu."

Kisha Agosti ikafika. Worokia, mke wa Zie na mama wa mtoto wao Kaniba, alichuma embe la Bruksi kwa mkono wake. Mti huo aliupenda kuliko kitu chochote pale uani. Alipoolewa, baba yake alikata kijiti kutoka kwenye mwembe wa kwao. Alikifunga kwa kitambaa kibichi, akaja nacho mwenyewe, akakibebesha kwenye mche uliokuwa umeota nyuma ya nyumba, vikashikana vikawa mti mmoja. Sasa baba huyo ni marehemu. Mwembe wa kwao ulikatwa zamani kupisha barabara. Kilichobaki ni mti huu.

"Lete tuone la kwenu," alisema Mama Nyagale. Akauma, akatafuna. Ghafla akaacha kutafuna.

Akatema kiganjani. Funza mweupe alikuwa anajikunja katikati ya nyama ya embe.

Watoto walipiga kelele. Bibi alisukutua mdomo kwa maji, akasukutua tena. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Mke wa mwanangu, sina ugomvi na wewe. Lakini embe la mti huu sitalitia tena mdomoni bila kulikagua ndani. Naapa."

Zie alikata embe la pili, kisha la tatu. Yote yalikuwa na funza. Akatupa kisu chini.

"Mwaka juzi funza. Mwaka jana funza. Mwaka huu mama yangu mzazi ametafuna funza! Kesho naukata mti huu. Bora tupate kuni."

Worokia aliinama akaokota vipande vya embe. Aliona kama anamzika baba yake mara ya pili.

Wakati huo huo kicheko kikasikika mlangoni. Alikuwa Sitan Kone, jirani yao. Sitan alifanya kazi katika kikundi cha wanawake wanaokausha maembe. Yeye ni Kone na Zie ni Traore, na Kone na Traore ni watani tangu enzi za mababu. Mtani hutukana, wala hakuna anayenuna.

"Nasikia kwa Traore siku hizi maembe yana nyama ndani!" alisema Sitan. "Mna bahati. Mnakula tunda na kitoweo kwa mpigo."

"Nyamaza, mla kunde!" Zie alimjibu. "Tumbo lako limejaa upepo hadi kichwani."

"Afadhali kunde zangu, hazitembei. Mwaka jana nilikwambia uokote maembe yanayoanguka. Ulinijibuje?"

"Nilisema Kone anatafuta maembe ya bure. Na ni kweli!"

Wote wakacheka, isipokuwa Worokia. Yeye aliona jambo ambalo hakuwahi kuliona. Kila mwaka Sitan aliwapa ushauri. Kila mwaka walicheka, na ushauri ukaishia kwenye kicheko. Maneno ya mtani yalikuwa yanaingia sikio hili na kutokea lile.

Asubuhi, Zie alitoka na shoka. Hakufika mbali. Sitan alikuwa ameketi chini ya mwembe. Ameukumbatia kwa mikono miwili, miguu ameinyoosha.

"Anza na mimi," alisema.

"Kone, toka hapo. Sina mchezo leo."

"Hata mimi sina. Mtani wako anakuomba mti huu. Utamnyima?"

Zie alisimama na shoka lake. Alimtazama mama yake, akitumaini atamsaidia. Mama Nyagale alitikisa kichwa.

"Mtani akiomba hanyimwi, mwanangu. Nilikulea, usinitie aibu mbele ya Wakone."

Zie alishusha shoka. "Haya. Mwaka mmoja tu. Agosti ijayo nikikuta funza hata mmoja, mti huu ni kuni. Na wewe, Kone, utapikia kunde zako kuni hizo hizo!"

"Nimekubali," alisema Worokia kabla Sitan hajajibu. Sauti yake ilikuwa kavu. Hata Zie aligeuka kumtazama.

Zie alipoondoka, Worokia aliketi karibu na Sitan. "Dada, leo usinitanie. Nieleze kama unayemweleza mtoto. Funza wanatoka wapi?"

Sitan aliokota embe lililooza chini ya mti, akalipasua. "Unaona hawa? Mama yao ni nzi mdogo. Tunamwita nzi wa matunda. Anatua kwenye embe linaloanza kuiva, analichoma kwa mkia wake, anataga mayai ndani. Mayai yanaanguliwa, funza wanakula embe. Embe linaanguka. Funza wanatoka, wanaingia ardhini, wanalala. Wakiamka, wamekuwa nzi. Wanaruka kutafuta embe jingine."

"Wanaruka kwenda wapi?"

"Tazama mwenyewe. Ameli ikianguka ukaiacha ioze, nzi wake wanakwenda kwenye Kenti. Kenti ikianguka, nzi wake wanakwenda wapi?"

Worokia aliinua macho kwenye Bruksi. Mti wake ulikuwa wa mwisho kuiva. Nzi wote waliozaliwa msimu mzima walikuwa wanaishia hapo.

"Kumbe tunawafuga wenyewe," alisema.

"Ndiyo hivyo, mama Kaniba. Kikulacho ki nguoni mwako. Mti wako hauna kosa. Kosa liko chini ya ile miembe mingine."

Msimu uliofuata, Ameli ilipoanza kuanguka, Worokia hakusubiri. Kila asubuhi, kabla ya kuchota maji, alizunguka uani na ndoo. Aliokota kila embe lililoanguka, bovu na zima. Alichimba shimo kwa jembe, akayafukia. Majirani walimwona wakaanza kumcheka. "Mama Mabovu, habari za biashara?" walimwita. Naye alijibu, "Biashara nzuri, karibuni mnunue." Kisha akaendelea kuokota.

Lakini mvua za kwanza zilipokuja na Kenti ikaiva, alikata embe moja akakuta funza. Alikata jingine. Funza. Worokia aliketi kwenye ukingo wa kisima, kisu mkononi, akalia machozi ya hasira. Miezi yote hiyo alikuwa ameinama, na wadudu wamemshinda.

Zie alimwona. Hakumcheka. "Mama Kaniba, umejitahidi. Hakuna atakayekulaumu."

"Agosti haijafika," alijibu Worokia. Akafuta uso kwa kanga, akaenda kumwita Sitan.

Sitan aliliona lile shimo, akachukua jembe. Akafukua kidogo tu, udongo wa juu juu. Akaweka udongo huo kiganjani. Ndani yake mlikuwa na vitu vidogo vya kahawia, kama punje za mtama.

"Hawa ndio wanaolala," alisema. "Shimo lako ni fupi. Umewalaza kitandani, ukawafunika na shuka!"

"Kwa hiyo nimewasaidia?"

"Umewasaidia sana. Wangekuwa na midomo wangekuombea dua."

Worokia alicheka bila kupenda. "Nifanye nini sasa?"

"Tia maembe kwenye mfuko mweusi wa plastiki. Funga mdomo vizuri, nzi asipate pa kutokea. Uweke juani. Humo ndani mtakuwa na joto kama tanuri, funza watakufa. Siku za mawingu, uache muda mrefu zaidi. Wakishakufa wote, mabaki ni mbolea. Kama huna mfuko, chimba shimo refu, linalozidi urefu wa mkono wako. Shindilia udongo vizuri."

"Na hawa waliokwisha kulala ardhini?"

"Lima udongo chini ya miti, juu juu tu usikate mizizi. Kisha fungulia kuku. Kuku hawahitaji kufundishwa."

Siku hiyo hiyo Worokia alianza upya. Alilima chini ya Ameli na Kenti, akafungulia kuku. Walichakura hadi jua likazama. Alipanga mifuko myeusi ukutani, kila mmoja umefungwa kwa kamba. Halafu alifanya jambo lililomshangaza kila mtu. Alikwenda kwenye uwanja wa jirani wa kushoto, kisha wa kulia.

"Naomba maembe yenu mabovu," alisema.

"Mama Mabovu, hata yetu unayataka?"

"Nayataka. Nzi hajui ukuta wangu unaishia wapi. Nikisafisha kwangu, atatoka kwenu."

Walimpa, kwanza kwa kumcheka. Baadaye walianza kumwekea wenyewe, yakiwa tayari kwenye mifuko.

Siku moja alimkuta Zie chini ya Bruksi. Mkononi ana kijinga cha moto. Juu ya matawi kulikuwa na viota vya majani yaliyoshonwa, vimejaa majimoto, wale chungu wekundu wanaouma vibaya.

"Unafanya nini, baba Kaniba?"

"Nawachoma. Kila mwaka nawachoma. Wataniuma wakati wa kuchuma."

"Usiwachome. Sitan anasema hao ni askari. Wanatembea juu ya maembe mchana kutwa. Nzi akiwaona, au akinusa walipopita, anaogopa kutua."

"Sitan, Sitan! Wewe umeolewa na Traore au na Kone?"

"Nimeolewa na Traore aliyenipa mwaka mmoja. Mwaka haujaisha. Zima moto huo."

Zie alizoea mke mpole. Alimtazama, kisha akakanyaga kijinga kikazimika. "Na nikiumwa?"

"Jipake majivu mikononi na miguuni. Na hatupandi mtini. Tutachuma kwa ufito mrefu wenye mfuko wa wavu nchani."

Agosti ilifika na mvua zake. Maembe ya Bruksi yalikomaa. Yalijaa mabegani, pale karibu na kikonyo, yakabaki na rangi yake ya kijani. Sitan alikuja kuyakagua.

"Chuma sasa," alisema. "Yamekomaa, lakini hayajalainika. Usiyaache yaivie mtini, nzi anapenda harufu hiyo. Yatandaze kwenye majani makavu ndani ya nyumba, yaivie humo."

Worokia aliyatandaza kwenye chumba chake mwenyewe. Alilala akinusa harufu yake. Ilikuwa harufu ya uani kwa baba yake, nayo ilimzuia usingizi.

Siku ya kuonja, kigoda kiliwekwa mahali pake. Watoto walikaa mbali kidogo. Zie alileta shoka, akaliegemeza ukutani. Kila mtu aliliona. Sitan naye alikuja.

Worokia alikata embe la kwanza. Lilikuwa safi, rangi ya machungwa hadi kwenye kokwa. La pili lilikuwa safi. Zie alimnyang'anya kisu, akachagua mwenyewe, akakata la tatu na la nne. Alipekua nyama kwa ncha ya kisu kama anayetafuta sindano. Hakukuta funza.

"Kone," alisema hatimaye, "shoka hili chukua. Kachanjie kuni za kunde zako."

"Nimelipokea, Traore. Na kapu moja la maembe juu yake, maana mtani hanyimwi."

Watu walicheka. Lakini Worokia hakuondoa macho kwa mama mkwe wake. Mama Nyagale alikuwa bado hajaonja. Kiapo chake kilikuwa palepale. Worokia alichagua embe zuri kuliko yote, akaliosha, akapiga magoti mbele ya kigoda.

"Mama, hili sijalikata. Subiri nilipasue, ulikague ndani kama ulivyoapa."

Bibi alilipokea embe. Aliligeuza, akalinusa. Akamtazama mke wa mwanawe mikononi. Mikono ile ilikuwa imepasuka kwa jembe, na kucha zake zilikuwa nyeusi kwa utomvu wa maembe mabovu ya mtaa mzima.

"Nimeshakagua," alisema.

Akausukuma kando mkono wenye kisu. Akalileta embe mdomoni, zima, na ganda lake, akauma.

Alitafuna polepole, macho ameyafumba. Maji ya embe yalimtiririka kidevuni. Watoto walisogea karibu, wakingoja hukumu.

"Hili," alisema Mama Nyagale, "mwanzo linakuwa kali kidogo. Unadhani halitaki kuliwa. Kisha utamu unakuja, na hauondoki." Akameza. "Ni embe la kwao Worokia. Leteni jingine."