Marahaba ya Mnarani

Jambo la kwanza lilikuwa kikohozi. Kikohozi kikavu, cha mzee anayetaka watu wajue yuko njiani, kilishuka kutoka juu ya ngazi za mnara wakati mke akiwa jikoni anaosha sufuria na mume akiwa nje anajaza mafuta kwenye jenereta. Kisiwani walikuwa wawili tu. Mke alifuta mikono, akasikiliza, akajiambia ni upepo, ingawa upepo haukohoi.

Walikuwa wameletwa pale kwa muda, kumshikia nafasi mlinzi wa taa aliyekwenda kutibiwa. Kazi yenyewe haikuwa ya kumtoa mtu jasho: kufuta vioo vya taa asubuhi, kuiwasha jua linapozama, kisha kuripoti bandarini kwa redio. Mke alikuwa mjamzito, mimba za nyuma zilikuwa zimeharibika, na daktari alisema safari hii anahitaji utulivu. Mume akaona utulivu gani tena uzidi huo. Mlinzi alipowakabidhi funguo aliwaachia neno moja la ajabu: "Humo ndani msiwe na adabu sana." Wakacheka mpaka mashua yake ikatoweka.

Basi mume, mtu wa utani asiyejua pa kuukomesha, akaligeuza mchezo. Kila jioni akianza kupanda ngazi alipaza sauti, "Shikamoo, mzee wa mnara!" Mke alimkataza kumwamkia mtu asiyemwona. Yeye akasema heshima haijamuua mtu. Jioni ya kile kikohozi aliamkia kama kawaida yake, na kule juu, taratibu, mtu akaitika.

"Marahaba, mwanangu."

Mume alishuka ngazi kwa makalio. Taa ilichelewa kuwaka, na bandarini wakafoka kwenye redio.

Tangu hapo wakawa na mzee nyumbani. Kiti walikikuta kimesogezwa dirishani penye jua, kina joto la mtu, na chumba kizima kinanuka tumbaku ambayo kati yao hakuna aliyeitumia. Chai ya mume iliisha kikombeni kabla hajaionja. Hayo wangeyavumilia. Lakini alasiri moja mke alijilaza kidogo, amegeukia ukutani, akasikia godoro likibonyea nyuma yake, kisha mkono mkavu, mzito, wenye kucha ndefu, ukapita juu ya kiuno chake na kutua tumboni, na mtoto aliyekuwa akicheza tangu asubuhi akatulia tuli, kama aliyeambiwa anyamaze, na ile sauti ikamnong'oneza sikioni, kwa upole uliomtisha kuliko hasira yoyote, "Mjukuu wangu hajambo?"

Alimkuta mume kwenye jenereta.

"Umetutafutia baba," alimwambia kwa sauti ndogo. "Umemwamkia, ameitika. Sasa anataka mjukuu wake."

"Lile ni jini, mke wangu."

"Jini ndiyo. Jini uliyemfanya ndugu."

Mume hakuwa na utani tena. Aliita bandarini, akaomba watolewe, wakaahidiwa mashua asubuhi. Alitaka waondoke kimyakimya. Mke akakataa kabisa. Mkubwa hakimbiwi, alisema, mkubwa huagwa, na wakimtoroka atawafuata kuidai heshima yake.

Asubuhi, mizigo ikiwa mlangoni na injini ya mashua ikinguruma gatini, wakasimama chini ya ngazi wameshikana mikono. Mume akasema kwa sauti iliyokatikakatika kwamba wamekuja kuaga, wanarudi kwao, mzee awape ruhusa. Harufu ya tumbaku ikashuka ngazi moja baada ya nyingine, ikazidi, ikawafikia usoni mpaka mke akafumba macho, na hapo sauti ikatamka neno moja, katikati ya ule mngurumo. Kisha harufu ikakatika. Mtoto akapiga teke.

"Umesikia?" Mume alikuwa analia kwa furaha. "Kasema nendeni."

Mke alibeba kikapu chake. Walikuwa karibu kufika gatini alipofungua mdomo.

"Mimi nilisikia twendeni."

Mume akasema ni kelele za injini, na mke alitamani mno kumwamini. Mwenye mashua, mzee mwenye mvi kichwa kizima ambaye siku walipokuja, wao ndio waliomwamkia, alimshika mke mkono akamkalisha, akapokea mizigo, akamvuta mume. Wote walikuwa wameshapanda. Lakini bado aliunyoosha mkono wake kuelekea gati tupu.

"Shikamoo, mzee," alisema. "Weka mguu hapa katikati, polepole."

Mashua ikainama upande aliokaa mke, na tumboni mtoto akatulia tuli.