Programu ya Bure

Kila akitoka shuleni, Chiriku alimsalimia baba yake, kisha akawasha spika na kusikiliza sauti ya marehemu mama yake. Mama alikuwa muuguzi. Enzi za uhai wake alijirekodi akiwasomea hadithi watoto waliolazwa wodini. Baba aliziweka rekodi hizo kwenye kompyuta ya sebuleni, iliyokuwa seva, yaani mashine inayowapelekea watu kurasa za tovuti wanazoziomba.

Kupitia tovuti hiyo, watoto wa wodini waliendelea kuzisikiliza. Siku moja tovuti haikufunguka.

"Leseni ya programu inayoendesha seva imekwisha," baba alisema, akampigia simu dada yake, fundi wa kompyuta.

"Usihangaike, kaka," shangazi alijibu. "Zipo programu huria zinazofanya kazi hiyohiyo. Jumamosi nakuja kuwawekea."

Chiriku hakuweza kungoja. Kwake, huria na bure yalikuwa neno moja. Akatafuta mtandaoni "programu ya bure", akaipata ileile ya kulipia, imevunjwa kufuli ili itumike bila kulipiwa. Maelezo yalimtaka kwanza azime kinga ya virusi. Akazima, akabonyeza.

Punde mafaili yote yakafungwa kwa herufi zisizosomeka, pamoja na nakala za kwenye diski ya akiba iliyochomekwa pembeni, na kwenye skrini ikatokea barua ya vitisho ikidai pesa.

Shangazi alifika mbio. Alijaribu kila alichokijua, kisha akatikisa kichwa.

"Nani ameigusa hii?"

"Labda umeme," Chiriku alinong'ona.

"Umeme gani huo unaojua kuandika barua ya vitisho?"

Baba alivaa spika za masikioni, akabonyeza hadithi moja, kisha nyingine. Kimya. "Ee Mungu, hata moja?" alisema. "Kosa ni langu. Ningeitoa ile diski, bado tungekuwa naye."

Chiriku alimwona baba yake akifuta macho kwa kiganja. Akashindwa kuvumilia.

"Baba, ni mimi. Nilichukua ya bure. Nilidhani ndiyo huria."

Hakuna aliyemgombeza. Ingekuwa nafuu kama wangemgombeza.

Shangazi aliisafisha mashine, akaweka programu huria. "Bure ni habari ya bei tu, mwanangu," alisema. "Huria ni ruhusa. Walioitengeneza hii wametamka wazi: itumie, ichunguze ndani, irekebishe, mgawie mwenzako. Ile yako hakuna aliyekuruhusu kuichukua, na mwizi alikuwa amejificha humo."

Kabla ya magharibi tovuti ilifunguka, tupu. Baba akaleta kitabu cha hadithi na maikrofoni.

"Soma. Watoto wanasubiri."

"Sauti yangu si yake, baba."

"Najua." Baba alimshika bega. "Sauti yake imekwenda, nami nitailia. Lakini umesema kweli. Ungenyamaza, ningejilaumu bure maisha yangu yote."

Chiriku akafungua ukurasa wa kwanza.