Harufu Ndani ya Pipa

Simu ya baba yake ilimkuta inspekta akipiga mswaki. Saa moja kasoro robo asubuhi alikuwa amesimama mbele ya banda, nyuma ya nyumba alimozaliwa, leso puani. Kuna mtu alimwaga mafuta ya taa ndani ya pipa la kuchomea nyama, akayasambaza kwa kitambaa bila kuruka hata sehemu moja. Ule utando mweusi wa mafuta na moshi, ulioganda humo tangu inspekta akiwa mtoto, ulikuwa umeyanywa ukashiba. Nyama yoyote ingetoka humo na ladha ya taa ya chemli, na mashindano ya wachoma nyama yalikuwa kesho.

Pipa lile halikuwa na kipimajoto wala feni. Baba yake alikuwa akikaa kando yake, anafumba macho, ananusa moshi, kisha anaagiza kuni zipunguzwe au tundu la chini lizibwe. Vikombe vyote vya ushindi vya sebuleni vililetwa na pua hiyo. Mji mzima ulimwita Mzee Pua, naye alilipenda jina hilo kuliko alilopewa na wazazi wake.

Kufuli halikuvunjwa. Funguo zilikuwa mbili, mmoja wa mzee na mwingine wa mwanawe wa mwisho, mdogo wake inspekta. Na kijana huyo alikuwa amekesha wiki nzima akibishana na baba yake: pipa limezeeka, tununue jiko jipya la chuma kinene, lenye kipimajoto mlangoni na feni ya kupulizia mkaa, mtu aweke joto analotaka akalale. Mzee alimjibu kwamba akitaka kulala asiingie mashindanoni.

Inspekta alimkuta baba yake jikoni, mgongo kwenye jiko la gesi, akamhoji kama anavyohoji wengine.

"Ulijuaje kuna kitu kimeharibika?"

"Nilifungua mlango tu, harufu ikanipiga usoni. Mafuta ya taa, mwanangu. Hata kabla sijawasha taa nilijua."

Inspekta alimpita akazima gesi. Maziwa yalikuwa yameungua hadi sufuria imekuwa nyeusi, jikoni kote kunanuka, na mzee bado alikuwa akimtazama akingoja swali la pili. Inspekta aliloweka sufuria kwenye maji.

Mdogo wake alikuwa chumbani akikunja mashati na kuyatia begini. Hakujitetea. Alisema amechoka kuwa mkosaji wa nyumba hii. Mwaka jana majaji walitema nyama yao kwa uchungu wa moshi, baba akatangaza mbele ya watu kwamba mwanawe alitia kuni mbichi.

"Zilikuwa kavu, dada. Nilizipasua mwenyewe. Moshi ulikuwa mzito, mweupe, unawasha koo, na yeye amekaa pale pale anasema uko sawa. Nikadhani labda mimi ndiye sijui."

"Begi hilo linaenda wapi?"

"Popote. Nikitoka leo, sirudi."

Alibaki Bucha, mpinzani wao wa miaka yote, mwenye duka la nyama mtaa wa pili. Majirani walikuwa wameshamhukumu. Lakini Bucha alikuwa hospitalini usiku kucha, akimuuguza mkewe, na muuguzi alithibitisha. Inspekta alipomfuata dukani, alisikitika kweli kweli kuhusu pipa. Alisema bila Mzee Pua ushindi hauna utamu. Kisha akaongeza, akipangusa kisu, kwamba mzee amebadilika. Zamani alikuwa akinusa kila pande la nyama na kumwaibisha mbele ya wateja. Siku hizi anaonyesha kwa kidole, analipa, anaondoka.

Inspekta alirudi polepole. Aliwahi kumfunga pingu mtu aliyesoma naye, lakini siku hiyo miguu haikuwa mizito namna hii.

Mzee alikuwa kitandani, amepakata sweta ya marehemu mkewe. Inspekta alifunga mlango.

"Baba, maziwa yaliungua nyuma ya mgongo wako. Hukusikia harufu. Ya banda uliisikiaje?"

Mzee aliikunja sweta mapajani.

"Ile homa ya mwaka juzi," alisema. "Niliinuka, nguvu ya kunusa haipo. Nikasema itarudi. Haikurudi."

Alieleza yote, sauti chini: mafuta aliyamwaga yeye mwenyewe. Angekubali jiko jipya, watu wangeuliza kulikoni, Mzee Pua na kipimajoto? Lakini pipa likiharibiwa na adui, angelipokea jiko jipya kama aliyeonewa, na hakuna ambaye angejua. Alitaraji lawama zimwangukie Bucha. Zilipomwangukia mwanawe, mdomo ukawa mzito, kama ulivyokuwa mzito mwaka jana.

"Mwaka jana ulijua si yeye?"

"Nilijua."

Inspekta alifungua mlango akamwita mdogo wake, akamtaka baba yao arudie. Mzee alirudia yote mbele ya mwanawe, bila kujipunguzia. Kijana alisimama na begi begani, machozi yakimtoka asiyapanguse.

"Ungeniambia tu, Baba," alisema. "Ningekuwa nakunusia mimi."

Aliliweka begi chini, akatoka kwenda kuazima jiko lenye kipimajoto. Hakumsamehe, hakusema amemsamehe, ila begi lilibaki.

Mzee alimwinulia inspekta sweta.

"Mama yako alipofariki nilikuwa nainusa kila jioni. Alikuwamo. Tangu ile homa naishika tu, nimeishika hivi usiku kucha. Niambie, mwanangu. Bado yumo?"

Inspekta aliuzika uso wake ndani ya sufu. Mikono iliyomwaga mafuta ya taa ilikuwa imeipapasa sweta ile hadi alfajiri, na mwenye mikono hakuwa na namna ya kujua. Hapakuwa na mama humo. Kulikuwa na harufu ya chemli tupu, kuanzia shingoni hadi mikononi.

Kazi yake ilikuwa kusema ukweli mbele ya mahakimu, na hakuwahi kuupindisha.

"Yumo, Baba," alisema. "Yumo vile vile."