Aliyekaa Kiti cha Sindano

"Elfu kumi na nane! Kila mwezi! Kwa mchezo wa mezani?"

"Punguza sauti, shemeji. Majirani watadhani tunauana."

"Wadhani! Nyundo yangu niliinunua mara moja. Mpaka leo haijanibishia hodi mwisho wa mwezi ikidai kodi."

Aliyekuwa anafoka ni fundi wa kuchomelea vyuma, ambaye mtaa mzima ulimwita Cheche, na jina hilo halikutokana na kazi peke yake. Aliyekuwa anafokewa ni Shemeji, kaka wa mkewe, muuza kompyuta, mtu mwenye ulimi wa kumuuzia samaki maji. Katikati yao, akimenya chungwa kana kwamba hayamhusu, alikaa rafiki yao nesi wa zahanati.

Kila Jumapili mchana hao watatu walikutana sebuleni kwa Cheche kucheza mchezo wa hadithi. Cheche alikuwa msimuliaji: hapa pana pango, pale pana mlango uliofungwa. Wenzake kila mmoja alikuwa na mtu wake aliyembuni, akasema mtu huyo anafanya nini, na dadu ikaamua kama ataweza au atavunjika shingo. Miaka na miaka walicheza kwa karatasi, penseli na dadu za plastiki, bila kumlipa kiumbe yeyote.

"Hii programu inachora ramani yenyewe," Shemeji aliendelea. "Inatupa dadu yenyewe. Inakumbuka kila mtu ana nini mkobani."

"Dadu nisiyoishika mkononi siiamini."

"Tugawane mwezi mmoja tu, tuone," alisema Nesi. "Isipofaa, tunaacha."

"Kuacha! Vitu hivi kuingia ni kitufe kimoja, kutoka utafute mlango mpaka jua lizame."

Lakini wengi wape. Cheche akatoa fungu lake kama mtu anayeng'olewa jino.

Sasa, mezani pale kulikuwa na kiti cha nne. Kilikuwa cha Sindano, fundi cherehani, aliyefariki baada ya kuugua kwa muda mfupi. Na kundi lile lilikuwa na desturi yake: mchezaji asipokuwepo, kisanamu cha mtu wake kinalazwa ubavu juu ya meza. Amelala. Hakuna wa kumgusa, hakuna wa kumsemea, mpaka mwenyewe arudi. Cha Sindano, ambacho Cheche alikikata kutoka kwenye bati chakavu, kilikuwa kimelala hapo tangu mazishi, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kukiondoa.

Shemeji hakukigusa. Alifanya vibaya zaidi. Alipokuwa anasajili majina yao kwenye programu, aliingiza na la Sindano, kisha akaona pahali pa kuweka alama: viti vitupu vichezwe na programu yenyewe. Huduma hiyo ilikuwa ya waliolipa zaidi tu, na wao walikuwa wamelipa zaidi.

"Tumeilipia," alijiambia. "Tuiache ya nini?"

Akaweka alama.

Jumapili iliyofuata, runinga ilionyesha kambi ndani ya msitu na watu wadogo watatu wakizunguka moto, mmoja amelala. Cheche alikuwa bado anasimulia upepo. Yule aliyelala akainuka akakaa.

"Mmeanza bila mimi, wajomba?"

Kikombe kilimponyoka Nesi. Ile ilikuwa sauti ya Sindano, na hayo yalikuwa maneno yake, ambayo aliyasema kila alipochelewa, naye hakuwahi kuwahi.

"Umeirekodi wapi?" Cheche alinong'ona.

"Sijarekodi kitu. Haki ya Mungu, shemeji."

Chumba kikajaa harufu ya pasi iliyosahauliwa juu ya kitambaa kibichi.

Wangezima hapo hapo, lakini mtu akimkosa mwenzake hukubali hata kivuli chake. Nesi alilia kwa furaha. Shemeji alitamba kwamba sasa wameona faida ya kulipia. Hata Cheche, Jumapili mbili tatu, alinyamaza akasikiliza.

Kisha akaanza kuhesabu. Sindano wao alikuwa bingwa wa kushindwa. Akiruka shimo, anatumbukia. Akimpiga adui, anajikata mguu. Halafu anacheka mpaka anashika mbavu. Huyu wa kwenye kioo hakushindwa hata mara moja. Dadu ya pande ishirini ilimpa ishirini, kila mara. Na hakucheka kamwe.

Siku moja, katikati ya mchezo, bila kuulizwa, sauti ikasema taratibu, "Nesi, yule mgonjwa wa kitanda cha mlangoni, unajua kuwa dawa uliyompa haikuwa yake?"

Nesi akasukuma kiti chake nyuma. Hakuwa amemwambia mtu. Alikuwa hajajiambia hata mwenyewe.

Cheche akasimama. "Wewe si Sindano. Sindano angekuwa ameshashindwa mara mia, akatucheka sisi."

Halafu nyuma ya runinga, mahali ambapo hapakuwa na kitu ila ukuta na vumbi, ikasikika cherehani ya miguu ikianza kukanyagwa, polepole kwanza, kisha kwa kasi, kisha kwa kasi ambayo mguu wa binadamu hauiwezi, na ile harufu ya kitambaa kinachoungua ikawashuka kooni mpaka macho yakawatoka machozi, na ndani ya mlio ule sauti, ambayo sasa haikujisumbua tena kumwiga marehemu, ikasema, "Kiti kilikuwa kitupu. Mmenisimamisha, mmenilipia. Nakaa."

"Futa!" Cheche alipiga kelele. "Futa huo mkataba!"

Shemeji alirukia kompyuta. Ukurasa ukafungua ukurasa, kila mmoja ukimbembeleza abaki, mpaka wa mwisho ukaandika: *Mwenye akaunti ataondoka. Viti vingine vitabaki. Endelea?* Naye alibonyeza kama sote tunavyobonyeza, bila kusoma.

Akageuka kusema amemaliza. Midomo ikacheza. Hakikutoka kitu.

Cheche alikuwa ameshachomoa waya wa runinga. Plagi ilikuwa mkononi mwake. Kutoka kwenye kioo cheusi ikaja sauti laini ya muuza kompyuta:

"Tayari, shemeji."

Hospitali walichungulia koo, wakasema koo ni zima kama la mtoto. Wiki ikapita. Duka la Shemeji likabaki na vitu vyake, kwa maana vitu havijiuzi, na aliyekuwa anaviuza alikuwa anaandika "karibu" kwenye kipande cha boksi. Mke wa Cheche hakugomba. Alimwambia mumewe maneno machache tu: "Kaka yangu aliingia nyumba hii anaongea. Nataka atoke anaongea."

Ndipo walipomwita mganga, mama mmoja mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Cheche, mtu wa kuuliza bei mapema, akauliza bei.

"Aliyewakalia kiti akitoka, unanilipa mara moja," alisema yule mama. "Asipotoka, sikudai. Mimi si redio ya kununuliwa betri kila siku."

Cheche akampenda hapo hapo.

Mganga alinusa ukuta, akapapasa kiti cha nne, akakitazama kisanamu kilicholala. "Mlikuwa mmefanya vizuri kumlaza mtu wenu," alisema. "Kiti cha aliyelala kina mwenyewe. Mmoja wenu akamsimamisha bila mwenyewe kuwepo, jini akaingia. Huko kwenye mashine hamtamweza, dadu za huko ni zake. Mleteni mezani. Jini akiwekeana sharti na mtu na akashindwa, lazima atoe."

Basi wakakaa, mchana kweupe, mlango wazi. Cheche akaweka dadu moja ya plastiki ya pande ishirini mbele yake, na nyingine mbele ya kiti kitupu.

"Kubwa inashinda," alisema, na sauti yake haikuwa kubwa safari hii. "Nikishindwa, chukua na yangu. Nikishinda, unatoa ya shemeji yangu. Humu hakuna kitufe. Unakubali?"

Dadu iliyokuwa mbele ya kiti kitupu ikasogea kidogo. Imekubali.

Cheche akatupa. Tisa. Nesi akafumba macho.

Kiti kikalia kama kimekaliwa na mtu mzito, mlio wa cherehani ukaanza chini ya meza, kati ya miguu yao, harufu ikapanda mpaka mke wa Cheche pale mlangoni akajiziba uso kwa kanga, na dadu ile, bila mkono, ikanyanyuka pembeni, ikazunguka kwa ncha moja, ikazunguka, ikazunguka, kana kwamba aliyeizungusha hakuwahi kutupa kitu chenye uzito wala kingo, kisha ikaanguka, ikagonga kikombe, ikatulia.

Tatu.

Halafu dadu ikaanza kuinama, taratibu, kuelekea upande mwingine.

Cheche akaishindilia kwa kiganja. Ilikuwa ya moto kama chuma kilichotoka kuchomelewa. Aliujua moto huo; hakuondoa mkono.

"Ukiigeuza, ni wizi," alisema. "Na mimi mwizi simfumbii macho, awe mtu, awe jini, awe kampuni."

Cherehani ikanyamaza. Shemeji alikuwa ameketi mdomo wazi, mishipa ya shingo imemsimama, anangoja.

Cheche akakiinamia kiti kitupu mpaka pua yake ikakaribia kugusa mgongo wa kiti.

"Umeshindwa," alisema. "Lete sauti ya shemeji yangu."